Kanga Iliyokuwa Begani

Bariadi

Mama yangu, shikamoo. Baba umfikishie yake kabla hujaendelea kusoma. Mguu bado unakusumbua? Mimi siumwi, ila nimekata tamaa, na wewe sijazoea kukuficha.

Juzi asubuhi alikuja hapa zahanati binti aitwaye Kabula, mimba ya pili, glavu zake mkononi, maana siku hizi maduka yamejaa vitu na sisi kabati ni tupu. Chupa ilipopasuka, kamba ya kitovu ikatangulia kabla ya kichwa. Ilikuwa inadunda. Nikamwinamisha, magoti na kifua chini, makalio juu, nikaingiza mkono na kukizuia kichwa kisiibane kamba. Kilichobaki ni kupasuliwa, na hospitali iko mjini.

Kwenye barabara kuu hupita malori ya wanunuzi wapya wa pamba. Ili tufike huko tukampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, ameinama vilevile, mimi nyuma yake na mkono wangu palepale.

"Sista, anacheza," akasema. Nikamtania kwamba mtoto huyo atakuwa mkorofi.

Kwenye korongo ng'ombe wakagoma. Mumewe, aliyekuwa anawaswaga, akamwita baba yake mzazi, aliyekuwa anapalilia karibu, kwani ng'ombe humsikia yeye tu. Kabula aliposikia sauti ya mzee, akajivuta akaketi kitako.

"Rudi ulivyokuwa!"

"Sista, huyo ni bukwi! Mkwe wangu anione hivi?"

Mzee alikuwa ametazama pembeni, maskini. Kabula hakuinama hadi mzee alipowakwamua ng'ombe akaondoka. Kichwa kilishuka kikabana vidole vyangu. Kamba ikadunda polepole, kisha ikanyamaza. Njia nzima iliyobaki nilimwambia mtoto yu hai. Barabarani lori la kwanza likasimama.

Mhudumu wetu wa zahanati, mama mwenyeji, aliniuliza jambo moja tu, akiniita mama kwa lugha yao: "Mayu, mbona hukuwatenga kwa nguo?" Kumbe mkwe akiwa karibu, nguo katikati inatosha kabisa. Miaka miwili nakula nao, nacheka nao, na hilo sikulijua.

Kaka Yusto msalimie. Mkewe, wifi yangu, mwambie siku zikikaribia akakae karibu na hospitali, asisubiri uchungu. Bibi mzaa Baba asiulize likizo yangu. Sina hamu ya kuonekana.

Na kanga nyingine usinitumie, Mama. Ile uliyonifunga siku naondoka Kilosa ilikuwa begani mwangu muda wote.

Mwanao,
Edina