Kwa Musyu, Uliyewafundisha Watoto Kuitikia Ukumbini

Mwaka umezunguka, mume wangu, tangu utolewe ndani ya nyumba hii ukiwa umebebwa, wewe ambaye hata homa haikuwahi kukulaza mchana. Familia imekubaliana niandike mimi. Mdogo wako alitaka kuandika, lakini mama yako amesema yule akishika kalamu tutapelekana mahakamani. Basi naandika mimi mkeo, fundi cherehani, na wao wamekaa nyuma yangu wananikosoa.

Wanaosoma haya na hawakukujua, wajue kwamba ulikuwa mwalimu wa Kifaransa, na kwamba watoto walikuita Musyu, yaani bwana, mpaka majirani nao wakasahau jina lako. Ulikuwa mpole wa kuudhi. Ukitumwa kiberiti dukani ulianza na "bonjour", kwa sababu kule wanakozungumza lugha yako, ulisema, mtu haingii dukani kama mwizi bila kusalimia. Mwenye duka akakuzoea. "Bonjur na wewe, Musyu. Haya, sema shida." Chai yako ilipoa kila siku, maana ulikuwa huwezi kunywa na kuongea kwa wakati mmoja, na wewe uliona bora uongee.

Lakini tukikaa hapa sebuleni kukutaja, mazungumzo huishia kwenye lile igizo.

Kundi la waigizaji lilikuwa linakuja mjini na igizo la nyimbo la sikukuu ya mwisho wa mwaka, kwa Kifaransa, kwenye ukumbi mkubwa. Wewe ulikwenda mwenyewe kwa waandaaji, ukakaa kwenye benchi la mapokezi mpaka wakakuonea haya, ukarudi na nafasi za bure za darasa zima. Tena si darasa lolote. Lile la mwisho kabisa, karibu na vyoo, la watoto ambao walimu wenzako waliwaita mabaki. Uliingia nyumbani umevimba kichwa kama mtu aliyeshinda uchaguzi, ukasema, "Hao ndio wataingia ukumbini. Hao hao."

Nikakuuliza watoto wasiojua hata kuomba maji kwa Kifaransa watakwenda kuona nini. Ukanijibu kwamba mtu asiyeijua hadithi anaingia ukumbini kuhangaika, na anayeijua anaingia kufurahi. Basi ukaamua wataijua.

Ulitoa madawati nje, ukapanga viti kwa safu kuelekea ubaoni, ukaziba madirisha kwa magunia. Mimi ukanishonesha pazia kwa shuka zetu za zamani, na ulinisumbua juu ya pindo lake kuliko bibi harusi yeyote niliyewahi kumshonea. Kila mtoto aliandika jina lake kwa chaki chini ya kiti chake. Ukawafundisha kuingia gizani bila kusukumana, kupita mbele ya magoti ya watu na kusema "pardon", yaani samahani, kutopiga teke kiti cha mbele, na kupiga makofi wimbo ukiisha, si ukiwa katikati. Nilikuja siku moja kupima pazia nikamkuta mvulana mmoja akikanyaga miguu ya safu nzima, na kila aliyekanyagwa anaambiwa "pardon" kwa sauti tamu mpaka anacheka.

Uliwaambia kuhusu mkate mrefu unaobebwa kwapani, na viatu vinavyowekwa karibu na moto usiku wa sikukuu vijazwe zawadi, na keki yenye umbo la gogo. Ulipofika kwenye kusalimiana kwa mashavu, darasa lilipiga yowe. Yule msichana mrefu, kiongozi wa darasa, akasimama. "Musyu, hapo mama yangu atanihamisha shule." Ukawaruhusu washikane mikono.

Ukaniambia nioke mkate nifiche haragwe moja ndani, maana Wafaransa wana keki ya namna hiyo, na atakayelipata haragwe ndiye mfalme wa siku. Nikakata taji la karatasi. Mkate ukaliwa wote, haragwe halikuonekana. Mnachunguzana midomo, mnainama chini ya viti, mpaka yule mdogo kuliko wote akasema kwa aibu, "Nadhani nimemeza." Ukamvika taji hivyo hivyo. Ulirudi nyumbani unacheka peke yako barabarani, na watu wakaniuliza kama uko salama.

Theluji pia ulichukua kwangu. Vipande vya kitambaa cheupe chini ya cherehani, ulivikusanya kwenye mfuko, ukapanda juu ya meza ukawamwagia kichwani. Koti lako la kahawia bado lina theluji mfukoni. Sijaitoa.

Na mlango. Hapo ndipo ulipowashikilia zaidi. Katika igizo, msichana anamtafuta baba yake usiku wa sikukuu, baridi inamuua, anagonga mlango wa mwoka mikate. Mwoka mikate anauliza kutoka ndani nani anagonga, kwa Kifaransa "Qui est là?", na hapo mwigizaji anawageukia watazamaji. Watoto waliokaa ukumbini ndio wanaotakiwa kujibu, "C'est nous!" Yaani, ni sisi. Wakijibu, mlango unafunguliwa na wimbo mkubwa unaanza. (Kitinda mimba wetu ndiye ameniandikia maneno hayo, mimi nayajua kwa masikio tu.) Ulikuwa unagonga ubao, unauliza, nao wanajibu mpaka bati linatetema. Aliyejibu kwa kunong'ona ulimwambia, "Wewe unaona haya? Una haki ya kufunguliwa mlango." Nyumbani nako hukutuacha. Ulikuwa unagonga mlango wetu kwa mtindo ule ule na kukataa kuingia mpaka mmoja wetu akuulize. Mimi nilikuacha nje mara nyingi, nikakuambia nina nguo ya mteja.

Wakati wote huo ulikuwa unakohoa. Nilikuambia nenda hospitali. Ukasema igizo likipita. Mama yako alikuambia, ukasema igizo likipita. Nina hasira nawe, mume wangu, na mwaka huu mzima haijapoa. Ulipokubali kwenda, mapafu yalikuwa hayataki tena mazungumzo. Ulinishika mkono pale kitandani, hukusema lolote la nyumba wala la shamba. Ulisema, "Hakikisha wanaingia." Nikakuapia.

Mkuu wa shule alizungumza kwenye mazishi yako. Alijikohoza, akafuta macho, akasema mbele ya jeneza, na watu wote wakiwa wanasikia, kwamba shule itawapeleka watoto wako kwenye lile igizo kama ulivyotaka. Nikamwamini. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili.

Alituletea kadi mbili za mwaliko. Mama yako akajifunga kibwebwe akasema tunakwenda, tukakae tuone kazi ya mwanangu. Tukawekwa safu ya mbele kabisa. Taa hazijazimwa, nikageuka kuwapungia mkono watoto wako, na nikaona watoto nisiowajua. Viatu vipya, soksi nyeupe. Walikuwa watoto wa wajumbe wa bodi na wa rafiki zao, na wale wa darasa la mbele linalopigwa picha kila mwaka. Nilitafuta safu kwa safu. Yule mrefu hakuwepo. Mfalme hakuwepo. Mama yako akanivuta nguo, "Wako wapi?" Damu ilinichemka mpaka masikioni.

Waliongea tangu mwanzo hadi mwisho. Walipiga makofi katikati ya nyimbo, wengine wakalala. Siwalaumu, watoto ni watoto, hakuna aliyewaandaa. Theluji ilishuka kutoka juu, nzuri kweli, karibu kama yako.

Kisha msichana akagonga. Mwoka mikate akauliza. Akatugeukia, mikono ameinyoosha, anangoja. Ukumbi kimya. Akauliza tena, anatabasamu, lakini nikaona jasho. Kimya. Mtoto mmoja nyuma yangu akamuuliza mama yake, "Anataka nini yule?"

Nikasimama. Mimi ambaye nikiitwa kusoma risala nasingizia kichwa kinauma. Nikasema kwa nguvu zangu zote, "C'est nous!" Sauti ilinikwaruza koo. Watu wakageuka, mmoja akacheka, mwingine akasema, "Mama, kaa chini." Mama yako akasimama naye, pamoja na magoti yake yale, akasema vile vile, vibaya kabisa, maneno nusu. Mlango ukafunguliwa. Wimbo ukaanza. Sikuusikia, mume wangu, nilikuwa nalia.

Kesho yake nikamfuata mkuu wa shule ofisini. "Mama," akaniambia, "elewa. Wageni wakubwa walikuwepo. Ilibidi tupeleke watoto wanaoweza kuiwakilisha shule." Nikamkumbusha alichosema mbele ya jeneza. Akatabasamu kama anayembembeleza mtoto. "Hata marehemu angeelewa."

Nikamwambia, "Marehemu ni wangu. Usimtumie." Nikatoka, maana mkono wangu mmoja ulikuwa umeshika mkasi ndani ya mkoba na sikuuamini.

Jioni ile watoto wako walikuja kwenye duka langu la ushonaji. Hapo ndipo nilipojua. Siku ya igizo walikuwa wamekuja shuleni na sare zilizopigwa pasi, wakajipanga getini kwa safu zako, kila mmoja mahali pake, mwenye kiti cha ndani mbele. Basi likaja, likapakia wengine. Wakaambiwa la pili linakuja. Wakangoja bila kuvunja mstari, wakifanyiana mazoezi ya nyimbo, mpaka mlinzi wa geti, mtu mzima yule, akashindwa kuwatazama akawaambia ukweli.

Waliketi sakafuni kati ya vipande vya vitambaa. Walitaka niwasimulie. Nikawasimulia taa, nguo, theluji. Nikafika pale msichana anapogonga mlango. Yule mrefu akaniuliza, "Mwoka mikate alipouliza, walimjibu?"

"Hapana."

"Hakuna mtu kabisa?"

"Nilijibu mimi. Na bibi."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama wewe ukisahihisha kazi. "Basi ni sawa," akasema. Halafu akajifunika uso na sketi yake, na wengine wakatazama pembeni ili asione aibu.

Tungependa kukuambia kwamba mambo yametengemaa. Hayajatengemaa. Darasa lako limetawanywa. Kifaransa kimefutwa kwa mabaki, wanasema hakiwasaidii. Yule mrefu ameacha shule na sasa anajifunza cherehani kwangu. Ana mkono mzuri, na kila nikimsifu nasikia uchungu. Picha ya mkuu wa shule akipokea cheti cha kuendeleza sanaa imetundikwa shuleni, pale ukutani ulipokuwa unatundika koti lako.

Na sasa kundi lile limerudi na igizo lile lile. Mkuu wa shule amenitumia tena kadi mbili, safu ya mbele, na ombi kwamba nipande jukwaani niseme maneno machache kwa heshima yako. Nimemrudishia kadi zake. Mama yako aliomba azirudishe yeye, nikamkatalia kwa ajili ya amani.

Siku ya igizo tutakuwa hapa dukani. Cherehani tumezisogeza ukutani. Mdogo wako ameazima viti. Pazia lako nimelifua na kulipiga pasi, pindo liko sawa. Kitinda mimba ataimba nyimbo zote, nimejaza gunia la theluji, na mkate umeshaandaliwa na haragwe lake, safari hii tumeweka kubwa. Chaki iko mezani, na watoto wako wanaokuja wanajua kuandika majina yao chini ya viti. Mimi ndiye mwoka mikate. Nitasimama nyuma ya mlango na unga mikononi.

Watagonga, nami nitauliza. Sikiliza, mume wangu. Huko uliko utawasikia.

Wanaokukumbuka: mama yako mzazi, ambaye bado anakuwekea chai ipoe; mimi mkeo; watoto wetu, yule mkubwa aliye mbali na kitinda mimba; mdogo wako, ambaye tumemkataza kuandika; wifi zangu na shemeji zako wote; na darasa la mwisho, karibu na vyoo, kila mmoja kwenye kiti chake.

Tukiwa hai hutasahaulika. Siku ukigonga, hatutakuacha nje tena.