Fungua Daftari la Nne

Kisangani, Jumatano

Kwa Yaya Kadidja, dada yangu mkubwa, huko Isangi

Pokea salamu zangu nyingi. Zikukute umekaa vizuri, miguu imepungua kuvimba, na mtoto anacheza tumboni kama ulivyonieleza. Msalimie shangazi pamoja na mgongo wake. Mwambie dawa aliyoniagiza sijaipata, anisamehe. Ukitaka kujua habari zangu, mwili ni mzima. Nakula, nalala, na kila asubuhi naletewa chai ya maziwa. Mengine utayasoma.

Barua yako ilifika Ijumaa. Umeandika kwamba utapanda boti, ile baleinière ya Jumatatu, kuja mjini, tumbo hilo hilo, kwa sababu mumeo Nassoro amekuandikia kuwa amerudi salama kutoka Bafwasende na anakungoja. Yaya, usipande. Nakuomba hilo kabla ya jambo lingine lolote. Najua hutanitii kwa neno moja. Tangu utotoni hujawahi kunitii bila kupewa sababu, na hata ukipewa unauliza ya pili. Basi nakuandikia sababu. Ni ndefu, na utanikasirikia katikati, lakini usiiache.

Barua hii naiandika nyumbani kwa Chef Mohamadi, chifu wetu, katika chumba kidogo nyuma ya jiko la mke wake mkubwa, Maman Sara. Ni mwezi wa pili sasa nakaa humu. Uliponiuliza kwa nini sijibu simu, nilikudanganya kuwa imeibiwa sokoni. Simu yangu iko kwenye kabati la Maman Sara. Hapa nina meza, taa, kalamu kumi na madaftari mapya, na kazi yangu ni kuandika. Anayetakiwa kuandika kutwa nzima hapekuliwi anaandika nini, kwa hiyo barua hii inapita mbele ya macho yao.

Unakumbuka hadithi yangu, Enzi ya Maji Saba, ilivyoanza. Nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, nikajitungia ufalme chini ya maporomoko, na malkia wangu Losanga, na wapelelezi wake wanawake wanaosuka siri ndani ya nywele za wenzao na kuzipitisha mlangoni huku walinzi wanawachekea. Wewe ulinicheka. Ulisema malkia gani huyu, kila mwanamume anayelala kwake anaamka hana kivuli, na bado wanapanga foleni. Lakini wanawake wa mtaa walilipenda daftari la kwanza, wakadai la pili, na aliyeazima alirudisha na kipande cha sabuni au kalamu mpya. Kufikia la tano walikuwa hawaazimi tena mmoja mmoja. Kila Alhamisi kwa msukaji mmoja anasoma kwa sauti, wengine wako vichwa chini, na ukifika ukurasa wa kitandani wanamfukuza mtoto aende kununua chumvi. Nilivimba kichwa, Yaya. Nilipita barabarani nikisikia wananong'ona kwamba huyo ndiye mwenye Losanga, na nilipunguza mwendo ili wamalize.

Sasa rudi kwenye siku ile kabla ya Idi, ulipoitwa kumpaka Maman Sara hina. Uliniambia mwenyewe, umekaa juu ya ndoo uani, unacheka na kuogopa kwa pamoja. Ulikuwa umempaka miguu yote miwili, haijakauka, pale pale katika chumba cha Chef, maana tangu ugonjwa ulipomkata Chef ulimi na mkono Maman Sara haondoki pale. Akaletewa karatasi ya kumtaja atakayerithi kiti, na aliyeileta akatoka. Hakuweza kusimama kwa ajili ya hina. Angeweza kukutoa kwanza, lakini mpakaji hina kwao si mtu, ni kama mkeka uliotandikwa. Akamwagiza Nassoro, aliyekuwa akimwogesha Chef na kumlisha, ausogeze mkono wa mgonjwa. Nassoro akakichovya kidole gumba cha Chef katika wino, akakibandika kwenye karatasi, kwa jina la mtoto wa Maman Sara. Chef alikuwa anatazama dari. Kisha Nassoro akakifuta kidole kwa ndimu iliyokuwa kwenye sinia la chai, na wino ukabaki pembeni ya ukucha.

Ulinisihi nisimwambie mtu. Na mimi sikumwambia mtu. Nililiandika katika daftari la saba.

Nilibadilisha kila kitu, niamini. Niliweka mfalme, pete za shaba, walinzi wenye ngozi za chui, na malkia aliyelala na mleta karatasi kwanza ili amnyamazishe. Lakini ndimu niliiacha. Ilikuwa nzuri mno, Yaya. Mtumishi asiye na kivuli anakifuta kidole cha mfalme kwa ndimu, na mfalme hawezi hata kusema inamchoma. Niliona haya kuiacha sentensi kama hiyo ipotee, na kwa ajili ya haya hiyo ndogo ndio tumefika hapa.

Daftari likasomwa Alhamisi. Miongoni mwa waliokuwa wanasukwa alikuwepo binamu wa mke mdogo wa Chef. Unajua mke mdogo naye ana mtoto wa kiume, na unajua tangu Chef aanguke hajaruhusiwa kuingia chumbani kwake. Siku ya pili ndugu zake wakaja na wazee wawili, wakataka kuuona mkono wa mgonjwa. Mlangoni walizuiwa, lakini wazee wakasema shauri litasikilizwa, na kwamba anayetaka kulithibitisha alete shahidi aliyeona kwa macho.

Wewe ulikuwa umeshaondoka kwenda Isangi kwa shangazi. Maman Sara aliniita siku hiyo, baada ya swala ya alasiri. Nilidhani amependa Losanga. Nilivaa kikwembe kipya, nicheke ukitaka. Nilimkuta amekaa na daftari la saba magotini, Nassoro amesimama ukutani, na Jephté mlinzi mlangoni. Hakupandisha sauti. Alinisifu kwanza, akasema namchora malkia vizuri, isipokuwa nimemfanya mzembe. Kisha akaniuliza.

“Siku ile benye kuona tulikuwa batatu. Miye, Nassoro na dada yako. Donc, ni nani alikupatia hii habari?”

Nilikuwa na majina mawili mdomoni, Yaya, na yote mawili nayapenda. Sikufikiri muda mrefu. Nilisema ni Nassoro.

Mumeo hakuwahi kuniambia neno. Hata wewe mkewe hakukuambia. Ulilalamika kwangu kwamba anarudi kutoka kwa Chef na kunyamaza kama amemeza kufuli. Alinitazama. Nilingoja aseme mimi ni mwongo, na angesema hivyo ningeanguka pale pale na kukiri. Lakini alielewa upesi kuliko mimi kwamba kama si yeye, basi ni wewe.

“Ni miye njo nilimuambia,” alisema. “Kadidja hajue kitu.”

Wakamtoa kwa mlango wa nyuma. Asubuhi yake tukaambiwa ameomba ruhusa, amekwenda Bafwasende kutafuta dhahabu, na mtaa mzima ukaamini, maana vijana wangapi wameondoka hivyo. Wewe pia uliamini, ukalia kwamba amekukimbia pamoja na mimba. Nilikuacha uamini. Wiki ya pili nilimwona Jephté amevaa buti za Nassoro, zile nyeusi ulizomshonea kisigino kwa waya. Hakuna mtu anayeingia machimboni msituni pekupeku akawaachia walinzi buti zake. Nilimuuliza Jephté taratibu, jikoni, akiwa anakula lituma ya ndizi. Aliweka tonge chini.

“Usimungoje, Leila,” akasema. “Ule hatarudia.”

Tangu siku hiyo sijamsikia akiimba getini.

Tangu siku ile niliyoitwa sijaruhusiwa kutoka humu. Maman Sara amesema hadithi lazima iishe, na iishe vizuri, kwa sababu watu wameshaanza kuiamini. Daftari la nane naliandika kwa maelekezo yake. Anakaa kitandani, anapakwa mafuta ya karafuu mgongoni, mimi nasoma na yeye anasahihisha. Ameamuru mtumishi asiye na kivuli aonekane kuwa mpelelezi wa adui, na kwamba habari ya kidole aliitunga yeye. Nimeandika. Ameamuru afe kwa aibu, malkia amsamehe amekwisha kufa. Nimeandika hilo pia, na Alhamisi iliyopita limesomwa kwa msukaji. Naambiwa wanawake walipiga vigelegele. Najikokota, naongeza vita visivyo na maana, maana sijui nitafanywa nini siku nitakapoandika neno la mwisho.

Sasa, Yaya, nafika mahali ambapo kalamu imekuwa ikipakwepa tangu juu.

Nassoro amekufa. Hajarudi kutoka Bafwasende, wala hakwenda huko. Barua aliyokuandikia, hiyo unayosema unailalia chini ya mto, niliiandika mimi.

Wazee watakaa baada ya mwezi mpya kuandama, na aliyebaki aliyekiona kidole ni wewe peke yako. Maman Sara anajua hilo. Anajua pia kwamba kwa shangazi huko Isangi, katikati ya ndugu, hawezi kukugusa, lakini mjini anaweza. Aliniita akaniwekea karatasi mbele.

“Weye unajua kuandika bintu bya mapendo,” alisema. “Andika.”

Niliandika. Nilijiambia nitaweka kosa ndani utalitambua, utajua si yeye. Nilipomaliza hapakuwa na kosa hata moja. Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linalonitesa, kwamba nilikaa pale nikiogopa kwa ajili yako na wakati huo huo nikiitafuta sentensi iwe nzuri zaidi. Na wewe ukajibu kwa furaha kwamba hukujua mumeo ana maneno matamu hivyo.

Nakujua. Hivi sasa umeikunja barua hii na unamwambia shangazi kuwa Leila ametunga tena, au Leila ana wivu. Kuhusu wivu hutakuwa umekosea. Nilipolitaja jina lake mbele ya Maman Sara, kwa wiki nyingi nilijisifu kwamba nilikuokoa wewe. Sehemu yake ni kweli. Sehemu nyingine ni kwamba mwaka mzima kabla ya harusi yenu alikuwa akija getini kwetu jioni, anakohoa badala ya kubisha, na mimi ndiye niliyekuwa nikiinuka wa kwanza, na kila mara alikuwa amekujia wewe. Hakunikosea lolote. Alikuwa akiniita shemeji kabla hata hajakuposa. Nilimpenda, nikanyamaza, nikamtia katika madaftari ambako wewe hungemwona.

Ushahidi ninao, na uko mikononi mwako. Ulipoondoka ulibeba daftari la nne, kwa ajili ya sumu tu. Siku zote unaruka kurasa za mapenzi ukatafute nani amewekewa nini kwenye kikombe. Lifungue. Nenda ukurasa wa mwisho, ambapo asiye na kivuli anamuaga mwonjaji wa malkia. Halafu toa barua chini ya mto, uiweke pembeni yake. Utasoma mara mbili: “Nikirudi sitabisha hodi, nitakohoa tu, nawe utajua ni mimi, kwa sababu hakuna mwingine anayekohoa kwa furaha.” Ulisema hayo ndiyo yaliyokuliza. Niliyaandika miaka miwili iliyopita, nimekaa nyuma ya mlango wetu, nikimsikiliza.

Barua hii anaibeba Marthe, muuza makayabu anayeleta samaki jikoni humu. Anashuka kesho kama mashine ya chombo itakubali. Wiki iliyopita walikaa siku tatu ufukweni wakingoja kipuri. Mawili tu yanaweza kutokea. Atakukuta kwa shangazi, au mtapishana mtoni, yeye anashuka na wewe unapanda. Kila chombo kinachofika hapa kutoka huko, Jephté anatumwa bandarini. Amekwisha kuonyeshwa picha yako ya harusi.

Usinijibu. Usimtume mtu kunifuata, hakuna wa kunitoa humu, na sistahili mtu ahatarishe mguu wake kwa ajili yangu. Sikuombi msamaha pia. Ningekuwa wewe nisingeutoa. Nakuomba ubaki Isangi tu.

Nifikishie salamu kwa shangazi, kwa watoto wa jirani, na kwa wote wanaoniuliza. Waambie mimi ni mzima, niko na kazi. Siku ya kujifungua nitakuwa nakuombea hapa kwenye meza hii. Na mtoto akishatoka, shangazi amwite mwalimu wa msikiti amsomee adhana sikioni. Msimngoje baba yake.

Ni mimi mdogo wako,

Leila