Chai Kabla ya Kurudisha Laini

Jumatatu, 4 Machi

Mjomba, shikamoo.

Habari za huko, na mgongo unasemaje? Sisi wazima. Baba bado anatengeneza pasi za watu kibarazani, na ukimtajia kituo cha umeme anakohoa tu.

Mjomba, nimekwama. Ile laini yenu ya umeme nimeijenga upya kwenye kompyuta hapa chuoni, nione siku transfoma ilipolipuka umeme ulirukaje. Mashine ya kituo ilichora kwenye karatasi yake mlima mrefu, wa kufumba na kufumbua. Wangu unatoka nusu yake. Nimejaribu hata kuyaondoa mafuta yote ya transfoma, yale waliyosema Baba hakujaza mpaka wakamfukuza. Mlima haukui hata kidogo. Mwalimu anasema haitoshi, lazima nionyeshe kilichouinua.

Unatoka sawa kwa njia moja tu: laini irudishwe, iwashwe tena, kabla umeme uliobaki ndani yake haujaisha. Lakini wewe ulisubiri. Si ndiwe uliyenifundisha utaratibu wenu, laini ikizimika mnamimina chai, na hakuna kuirudisha mpaka kikombe kiishe? Nisaidie kufikiri.

Mpwa wako

Jumanne, 12 Machi

Mpwa wangu, marahaba.

Mgongo ni ule ule. Mashine zile zilikuwa kuukuu, zinachora zinavyotaka. Weka kwamba nilisubiri. Msalimie dada.

Mjomba wako

Jumapili, 9 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba mara tatu, maana barua zako tatu zimefika na zote nimezisoma. Sikuwa mgonjwa.

Sikusubiri.

Laini ilizimika, nikamimina chai kama kawaida. Simu ikalia, bosi huyo: "Umelala? Watu wako gizani." Nafasi ya mkuu wa zamu ilikuwa wazi, nikataka nionekane mwepesi. Nikairudisha. Kikombe sikukigusa. Tukasikia mlipuko kule mwisho wa laini, nikatoka mbio. Baba yako nilimwacha chumba cha zamu, alikuwa ameleta funguo baada ya kujaza mafuta. Ndiyo, aliyajaza.

Niliporudi na wakaguzi, kikombe kilikuwa kitupu. Mmoja wao, mtu wa kazi hii, akakichungulia: "Huyu alisubiri." Nikanyamaza. Sijui nani alikimwaga, na sikuuliza. Wakamgeukia shemeji, baba yako, nikanyamaza tena. Ukuu wa zamu nikapewa mimi.

Mwezi uliopita nilimfuata bosi wa sasa, nikamweleza yote. Akasema, "Mzee, umebakiza kidogo ustaafu, unatafuta nini?" Akaniagizia soda. Nikainywa, mpwa wangu. Nilikaa pale nikainywa mpaka ikaisha.

Mjomba wako

Jumapili, 30 Juni

Mjomba, shikamoo.

Pole na mgongo. Nimeondoa kule kusubiri kwako kwenye hesabu. Mlima umetoka, mstari juu ya mstari. Nililia mbele ya mwalimu, naye akadhani ni furaha.

Nikampelekea Baba mchoro. Hakuutazama. Aliendelea kufunga skrubu za pasi, akasema, "Kile kikombe nilikinywa mimi."

Mama akamuuliza, "Ulikinywa kwa nini?"

"Ningefanyaje? Ni kaka yako. Nilijua watakitafuta. Nikadhani wakinigeukia mimi watanikaripia tu, yaishe."

Sasa hataki niupeleke kituoni wala popote. Anasema amezoea pasi. Mama hasemi naye, na jina lako hataki kulisikia. Nikiupeleka nakuangusha wewe na namuasi yeye. Nikiuficha, Baba anabaki fundi mzembe mpaka anaingia kaburini. Niambie wewe, Mjomba, maana mimi nimeshindwa.

Mpwa wako

Jumamosi, 6 Julai

Mpwa wangu, marahaba.

Upeleke, na jina langu uliandike juu kabisa. Wakikuagizia soda, usinywe.

Dada mwache kwanza. Shemeji nimemwanzia barua nne, zote zimeishia kwenye salamu. Usimwambie kitu. Muulize tu kama chai ilikuwa bado ya moto.

Mjomba wako