Godoro la Nne kwa Sita

Jumatatu, 20 Januari

Nimerudi skuli. Nimesahihisha madaftari ya darasa la tano mpaka nusu, nikaacha. Nikafungua simu. Magodoro tena. Siku ya sita hii.

Leo nimepata ukurasa mpya. Sita kwa sita, inchi nane, sponji nzito, dhamana ya miaka saba. Bei iko chini ya wenzake wote. Nikaitazama picha mpaka macho yakaniuma. Ukuta ule ule wa kijani, swichi ile ile iliyopasuka pembe. Nimeiona kwenye kurasa nyengine mbili wiki iliyopita. Wauzaji watatu, ukuta mmoja. Wezi. Nimewapiga mstari mwekundu wote kwenye jedwali langu la wauzaji.

Bajeti ni laki tatu na nusu, usafiri humo humo. Tulikubaliana mimi na Makame kabla hajarudi kazini kwake Nungwi. Godoro letu tumehamia nalo hapa Jang'ombe mwaka tuliooana, na sasa katikati ni shimo. Unalala pembeni, unaamka bondeni. Mgongo wangu haunyooki mpaka saa nne asubuhi, na watoto darasani washaanza kuniigiza ninavyotembea. Nataka jipya kabla ya Ramadhani.

Jumatano, 22 Januari

Nimesoma maoni ya wateja. "Mashaallah, godoro zuri." Watu watano wameandika maneno hayo hayo, siku moja, na hakuna hata mmoja mwenye picha ya sura yake.

Bi Time, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwaka jana aliona zulia mtandaoni. Akaambiwa atume nauli ya gari tu, zulia atalilipia likifika. Akatuma. Mpaka leo anakanyaga saruji. Ananiambia, shoga, huko mtandaoni hata salamu usiitikie bure.

Wamebaki wawili kwenye jedwali langu. Mmoja hataki kusema duka liko wapi. Nimemfuta. Amebaki anayejiita Usingizi Mwanana. Mwenyewe Salim, duka liko Darajani, unakwenda, unaligusa, unalikalia. Sita kwa sita la inchi nane, bei laki tatu na ishirini elfu. Simwamini vile vile. Lakini angalau ana mlango.

Alkhamisi, 23 Januari

Niandike kwa utaratibu.

Akaunti ya mtandaoni tunayo moja. Makame ndiye aliyeifungua, kwa jina lake. Yeye anaitumia kwenye simu yake, mimi kwenye yangu. Miaka yote hakuna aliyejali.

Leo mchana nimetaka kumwandikia huyo Salim. Nimekuta washaandikiana. Si mimi. Makame.

"Nne kwa sita la inchi sita mnalo?" "Lipo, karibu." "Nungwi linafika?" "Linafika." Na chini kabisa: "Usinipigie simu mchana. Andika tu."

Nne kwa sita. Kitanda chetu ni sita kwa sita. Na huko hotelini ana chumba, kaniambia mwenyewe, chumba cha msimamizi, kiyoyozi na kitanda cha haja. Godoro la nani?

Anakuja leo jioni, mapumziko yake Ijumaa. Sitasema kitu. Nitatazama.

Ijumaa, 24 Januari

Nimetazama. Kala vizuri. Kaenda kuswali. Kalala mchana kutwa kama aliyetoka kuchimba kisima. Ananukia sabuni nisiyoijua.

Nikamzungukia. Nikamuuliza magodoro ya huko hotelini kwao yakoje.

"Mazuri."

"Inchi ngapi?"

"Sijapima, Zuhura. Mi nalala tu."

Hakunitazama. Kisha akaniuliza kama nshapata letu. Nikasema bado. Akasema nisiharakishe. Miezi mitatu ananiambia nunua, nunua. Leo nisiharakishe.

Jumamosi, 25 Januari

Kaondoka baada ya alfajiri. Nimefungua akaunti. Mazungumzo na Salim hayapo. Yamefutwa.

Mtu hafuti kisicho na kitu.

Jumapili, 26 Januari

Nne kwa sita ni la chumba kidogo. La kuanzia maisha. Nani asiyejua? Skuli kwetu walimu wawili wameletewa wake wenza na wakapata habari kwa watu. Mmoja alizipata kwenye foleni ya maji. Kila mtu alikuwa akijua, hata yule mtoto wa mbele yake na ndoo.

Sheria siikatai. Nakataa kufanywa mjinga. Aje aniambie, nikasirike mbele yake, basi.

Nimepika wali ukaungua. Nimeula.

Jumatatu, 27 Januari

Nimemwambia Bi Time. Nilikuwa nimejiapiza nisimwambie mtu. Hakushangaa, na hilo limeniuma zaidi. Akanipa simu yake. "Mpigie huyo muuzaji. Jifanye ndo wewe wa Nungwi."

Nikapiga. Sauti nikailegeza, nikaifanya ya bibi harusi. Najionea haya hata kuandika.

"Assalaam alaykum. Mie ni wa Nungwi, yule wa nne kwa sita. Nauliza mzigo wangu."

"Waalaykum salaam, bibi. Mbona nshamalizana na bwana? Jumapili asubuhi. Tunalishusha duka la mihogo nyuma ya skuli. Si kwa Mwajuma? Au ndo wewe Mwajuma?"

Nikasema ndo mimi. Nikakata.

Mwajuma.

Bi Time alikuwa kasogeza sikio, kasikia yote. Kanishika bega.

Jumatano, 29 Januari

Nimefundisha kugawanya, nikakosea ubaoni. Mtoto mmoja kanyoosha mkono kunisahihisha. Nikamshukuru.

Baada ya skuli nikaenda Darajani, dukani kwa Salim, kama mteja. Hakunijua. Kanionesha la nane, kalikata nailoni pembeni nione sponji, kanipa rula nipime mwenyewe. Nane kamili. Kaniambia nikalie, nilale kabisa, hapana ubaya. Nikalala dukani na buibui langu, natazama dari, nikamchukia. Bora angekuwa mwizi. Mtu huyu hasemi uongo. Basi na la Mwajuma ni kweli.

Sikununua. Ya nini kununua sita kwa sita la mtu mmoja?

Alkhamisi, 30 Januari

Makame haji. Kaandika: zamu imebadilishwa, mapumziko yake wiki hii ni Jumapili, atapumzika huko huko.

Jumapili. Siku ya godoro.

Nimemjibu "sawa". Herufi nne zimenichukua robo saa.

Jumapili, 2 Februari

Nimekwenda Nungwi. Nimevaa buibui jipya na dhahabu yangu ya harusi. Sijui nilitaka nionekane nani.

Saa nne nilikuwa nyuma ya skuli. Duka la mihogo nililiona mara moja, karai la mafuta mbele, meza, benchi. Niliyapanga maneno yangu tangu nyumbani. Mafupi, makali. Nikauliza Mwajuma ni nani.

Akainuka mwanamke wa miaka sitini na kitu, mnene, miwani imefungwa uzi, unga wa ngano mpaka kwenye viwiko.

Maneno yangu yote yakanitoka. Nikajikuta nasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mihogo au kachori?"

Nikamwambia namtafuta Makame.

"Makame mtandika vitanda? Yupo nyuma hapo, godoro lake lishafika. Alhamdulillahi. Mwaka wa pili analala juu ya saruji, maskini, na ule mgongo wake." Kisha akanitazama dhahabu. "Wewe nani wake?"

Nikasema mimi ni mkewe. Akafuta mikono, akanipisha.

Nyuma kuna vyumba vya kukodisha, vya bati. Cha mwisho mlango ulikuwa wazi. Mikeka mitatu chini, maboksi yaliyokunjuliwa chini ya mikeka, mashati ya kazi kwenye misumari. Makame kapiga magoti, anang'ata nailoni ya godoro kwa meno. Akainua kichwa.

"Zuhura? Nani kafa?"

"Bibi harusi yuko wapi?" nikamuuliza. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwengine.

Hakuelewa. Akatazama nyuma yangu, akatazama chumba. Kisha akaelewa. Akacheka, cheko moja fupi, halafu uso ukamsawijika. Akakaa juu ya nailoni.

Kasema yote pale pale. Hoteli imepata wenyewe wapya. Vyumba vya wafanyakazi vimegeuzwa vya wageni. Usimamizi kapewa mtu mwengine, kuna cheti hakuwa nacho. Yeye kaambiwa atandike vitanda au arudi kwao. Anatandika vitanda kumi na sita kwa siku. Simu haruhusiwi kuingia nayo vyumbani, ndo maana akamkataza Salim asimpigie mchana. Godoro kalinunua kwa bakhshishi za wageni, kazikusanya tangu miezi mingi, asiguse za nyumbani. Na aliponiambia nisiharakishe, alikuwa anaogopa nikifika dukani kwa Salim nitamtaja, na Salim atasema.

Kumbe nilimpigia. Kumbe alisema.

"Kwa nini hukunambia?"

"Ningekwambia nini? Harusi ya mdogo wangu umezunguka kila mkeka, mume wangu msimamizi, mume wangu msimamizi. Wiki ile ile ndo walinivua."

Nakumbuka. Nilivaa kitenge cha bluu. Nilisema mpaka kwa watu nisiowajua.

Nikakaa kwenye godoro karibu naye. Kwanza nilipata raha, raha kubwa, hakuna mwanamke. Kisha nikaona haya kwa kuipata raha ile mbele ya maboksi yale. Kisha nikakasirika. Vyote kwa pamoja. Nikalipima godoro kwa rula yangu ya skuli, nilikuwa nayo kwenye mkoba. Inchi sita kamili. Nilitaka lipungue, nipate wa kumgombeza.

Bi Mwajuma katuletea mihogo. Hakuchukua pesa. Tukala yote.

Jumatatu, 3 Februari

Hasira haijaisha. Sitaki kujidanganya humu.

Nimeshinda wiki nzima nikitafuta uongo kwenye picha za watu, ukuta wa kijani, swichi iliyopasuka. Huu wa ndani ya nyumba yangu, wa mwaka wa pili, sikuuona. Kila Alkhamisi kaja, kakaa, kanisimulia kiyoyozi. Nilimuuliza na rangi ya mapazia akanitajia. Anadanganya vizuri. Hilo sikulijua, na sasa nalijua, na sijui niliweke wapi.

Bi Time kaja na macho ya matanga. Nikamwambia hakuna mwanamke, ni kazi tu. Kaniitikia kama anayemwitikia mgonjwa. Hakuamini. Hata kidogo.

Sikumwelezea saruji. Siri ya Makame hiyo.

Jumatano, 5 Februari

Kapiga simu mchana. Wakati wa kula, kajificha nyuma ya jiko la hoteli. Hajawahi. Hakuwa na habari yoyote. Kaniuliza nimekula nini. Nikamwambia. Nikamuuliza kalala vipi.

"Kama mfalme. Wenzangu wawili wa chumbani wananitazama vibaya."

Nikacheka kabla sijajizuia.

Alkhamisi, 6 Februari

Kashuka mjini mapema. Tumekutana Darajani, tumeingia kwa Salim pamoja. Salim kanitambua, kamtambua na yeye, kapiga hesabu kichwani, akazidi kuwa na adabu. Tumechukua la nane. Kapunguza elfu ishirini bila ya kuombwa. Naamini ni hofu.

Usiku nimemwandikia Makame barua za maombi, hoteli mbili za Mji Mkongwe, ili alale nyumbani. Nimeandika mtandika vitanda. Sikuandika msimamizi. Nikamsukumia karatasi. Kaisoma pole pole, kidole chini ya kila mstari. Katia sahihi.

Ijumaa, 7 Februari

Godoro limeletwa baada ya swala. Tumelitoa la zamani uani. Watoto wa jirani wanalirukia.

Nilikwenda kuchukua shuka kabatini ili nitandike. Makame akanipokea. Katika ndoa yetu hajawahi kutandika kitanda, hata siku moja, hata nilipokuwa mgonjwa.

Akaikung'uta shuka mara moja tu, ikatua sawa pande zote. Akazunguka. Akainua pembe ya godoro kwa mkono mmoja, akakunja, akapenyeza, akapitisha kiganja. Pembe ikakaa kama bahasha. Ya pili. Ya tatu. Alikuwa hatazami mikono yake. Hakuwa na haraka na hakurudia kitu. Kwenye ya nne aliinama akashika kiuno, akangoja, akaendelea.

Mimi nimesimama mlangoni na foronya mkononi. Sijapata kuona kazi nzuri kama ile.

Akamaliza, akarudi nyuma hatua mbili, akatazama. Kisha akanitazama mimi, kama anayengoja nikague.

Nikampa foronya.

Sasa kalala. Ni alasiri, dirisha liko wazi. Kalala upande wake, na mimi naandika upande wangu, na hakuna anayeteremka katikati.