Mkono wa Dereva Dirishani

Mjukuu wangu Rehema,

Salamu nyingi zikufikie huko Tanga kutoka kwetu Mayfair. Sisi wazima. Shangazi yako amepata kazi Randburg, na baridi imeanza. Nyumba ni kimya tangu babu yako atutoke, lakini nakula na kulala vizuri.

Unauliza kwa nini hayumo hata katika moja ya picha za treni alizopiga, zile nilizokutumia. Zitazame tena: kila dereva ameinua mkono. Ujanani, siku aliyonipeleka darajani karibu na Joubert Park, treni ilipotokea alipunga mkono kwanza, dereva akainua wake kumwitikia, ndipo akashika kamera.

Nikamcheka. "Eish, sasa unasalimia treni?"

"Namsalimia dereva, bibie. Nitampigaje picha hatujasalimiana?"

Baadaye tulikwenda makumbusho kuona tramu kuukuu, ile treni ndogo iliyopita mitaani zamani. Haikuwa na dereva, lakini babu yako akaiinamia: "Shikamoo!"

Nikapanda mbio, nikakaa kiti cha dereva, nikatoa mkono dirishani. "Marahaba, mwanangu!" Hapo ndipo akapiga picha.

Ukitaka kumtundika babu yako ukutani, tundika hiyo ya tramu. Mkono ule ni wangu, naitikia salamu yake.

Bibi yako,
Zubeda