Maji ya Machungwa ya Silima

Tibirinzi, Chake Chake
12 Julai 1960

Kwa dada yangu mpenzi Bi Time binti Pandu, Msuka.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai waraka huu utakukuta unatembea bila fimbo, na lile goti limekuachia usujudu kwa raha. Wajukuu wawaje? Muhogo wa bondeni umetoka? Sisi huku ni wazima wa afya, ila nyumba yangu ilitikisika kidogo, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Utashangaa kuona herufi za Kiarabu, zimepinda kama tulivyokuwa tukiandika utotoni, chuo cha Kurani. Barua zangu zote huniandikia mwanangu Silima. Hii, dada, sikuweza kumpa aiandike.

Unajua kwamba Silima amerudi kutoka Unguja, amemaliza ualimu, na amekuja na mkewe Khairiya, mtoto wa Ng'ambo, pale pale mjini. Alirudi amekonda, na kila akipiga mswaki fizi zinatoka damu. Huko chuoni walikuwa wakila mkate na chai kutwa. Daktari wa Unguja alimwambia mwili wake umekosa vitamini C, akampa chupa ya vidonge vidogo vyeupe, kimoja kwa siku.

Basi kila asubuhi Khairiya humletea kidonge kwenye kisahani, na maji. Mwanangu hufumbua mdomo kama kinda la ndege, mkewe akamtilia. Mbele yangu, dada! Mdomo ule niliulisha uji mimi, nikaupangusa mimi. Na siku hizo michungwa yangu ya uani imezaa mpaka matawi yanagusa chini. Nikimmenyea, anakula vipande viwili kisha ananiambia, "Mama, machungwa yako matamu, lakini dawa ndiyo dawa." Nilicheka, nikaenda jikoni nikapuliza moto ambao ulikuwa tayari unawaka.

Nilikwenda dukani kwa Kassamali nikamuuliza kama anavyo vidonge hivyo. Akanitolea chupa mbili, ya vidogo na ya vikubwa. Aliniambia kikubwa kimoja ni sawa na vidogo kumi, na watu wengi wanatosheka na vidogo. Mimi nikachukua vikubwa. Nilijiambia kama kidogo cha mkewe kinamfaa, kikubwa cha mamaake kitamfaa zaidi.

Nikawa navitwanga kwenye kinu cha kitunguu thomu, nakoroga kwenye maji ya machungwa, natia sukari kuficha ukali. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Silima anakunywa anamaliza, anasema maji kama haya hayapo Unguja nzima. Wallahi siku hizo nilikuwa nikitembea kama bibi harusi.

Fizi zikapona. Jioni moja wamekaa ukumbini, nikamsikia akimwambia mkewe kwamba vidonge vyake vina baraka. Vidonge vyake! Kifua kiliniwaka, dada. Kuanzia kesho yake nikaongeza. Viwili viwili, kisha vitatu vitatu, asubuhi, mchana na jioni. Nilikuwa siamui kwa akili tena. Kila nikimwona Khairiya anacheka naye, natia kingine kinuni.

Ndipo tumbo likamshika. Mwanzo lilikuwa la kunguruma tu, baadaye likawa la kuendesha. Mwalimu mzima hawezi kusimama mbele ya watoto, anakwenda chooni anarudi, anakwenda anarudi, macho yameingia ndani. Nami nikimpelekea nini? Maji ya machungwa, apate nguvu.

Mume wangu Mzee Nyange akaanza kusema. Alisema huyu mwanamke wa mjini hatujui kwao, na kila asubuhi anamlisha mwanetu kitu kwenye kisahani. Alisema wanawake huwalisha waume zao vitu ili wawasahau wazee wao. Majirani wakaichukua, ikafika kisimani. Mwisho Mzee alimwita Silima akamwambia amrejeshe mwanamke kwao, kwa meli ya wiki hii.

Unataka kujua mimi nilifanya nini? Nilikuwa nimekaa pale pale, namenya machungwa. Nilinyamaza. Nilijua kilichomo kwenye gilasi, nikanyamaza, na moyo wangu ulifurahi. Nakuandikia kama ulivyokuwa.

Silima aliomba kwanza aende hospitali, tukaenda sote wanne. Daktari akauliza anakula vidonge vingapi. Khairiya akajibu, "Nusu, daktari. Kilikuwa kimoja, kile kidogo. Nikakikata kwa kuwa Mama anampa machungwa." Daktari akasema amefanya vyema. Alisema kidonge kidogo kimoja kwa siku kinatosha kabisa, na mwenye machungwa uani pengine hakihitaji. Mwili unachukua haja yake, kinachozidi unakitupa, na mtu akimeza vikubwa vingi vingi ndiyo tumbo humfanya hivi. Basi nusu kidonge haiwezi kumfanya hivyo. Mzee Nyange akasema kwa sauti kwamba mwanamke anaongopa. Khairiya aliinamisha kichwa. Hakunitazama.

Tuliporudi nilimkuta chumbani anakunja kanga zake, anazipanga sandukuni. Nilisimama mlangoni. Akasema yeye, taratibu, bila kugeuka, "Mama, ule unga chini ya gilasi niliuona tangu wiki ya mwanzo. Niliulamba, nikaujua. Ndiyo nikakata changu. Sikujua kama umezidisha vile."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, hata kwa daktari, hata mumewe alipoambiwa amwache.

Akasema, "Ningesema, ingebidi achague baina yetu. Na mimi nilijua hatanichagua mimi." Kisha akageuka, uso umerowa. "Wewe huoni, Mama? Changu anakimeza kwa kuwa kaambiwa. Chako anakinywa na kufumba macho. Kila siku nakuonea wivu mpaka nakosa usingizi."

Dada, nililifunga lile sanduku lake, nikakaa juu yake. Wivu wote ule niliudhani wangu peke yangu, kumbe tulikuwa wawili nyumba moja.

Nikaenda nikaitoa ile chupa ya vikubwa niliyoificha chini ya mchele, nikaiweka barazani mbele ya Mzee na Silima, nikasema yote. Mzee aliondoka akaenda msikitini na wala haikuwa saa ya sala. Silima hakunigombeza. Alinitazama tu, na siku nyingi hakunisemesha ila salamu. Bora angenigombeza.

Sasa tumbo limetulia. Vidonge vikubwa nimevirejesha kwa Kassamali. Vidogo anavyo Khairiya, na tumekubaliana atampa kimoja kwa siku machungwa yakiisha, na yakiwepo hampi. Mzee amemwomba radhi mkaza mwana wake, kwa kunung'unika, lakini ameomba.

Sasa nikupe lililonifanya nishike kalamu. Silima amepata nyumba Wete, wanahama baada ya Ijumaa. Anasema ni kwa ajili ya skuli. Sikumuuliza zaidi. Jana Khairiya alikuja jikoni akaniomba nimfundishe maji yangu ya machungwa, asije mumewe akayakosa huko. Nilimfundisha, dada. Nilimwonyesha machungwa ya kuchagua, namna ya kukamua bila kuvunja kokwa, na ungo wa kuchujia. Akayaonja, akasema mbona yake hayajawa kama yangu. Nikamwambia mkono utazoea.

Sikumwambia kwamba natia chumvi, ile ya kushika kwa ncha ya vidole. Hiyo nimebaki nayo. Silima akitaka kuyanywa yenyewe, atakuja Tibirinzi. Nawe usimwambie mkewe.

Nisalimie shemeji na wote wa Msuka, na mabusu kwa wadogo. Mzee Nyange anakusalimu. Niombee dua, hasa ya moyo.

Mdogo wako akupendaye,
Mwatum binti Pandu