Mji wa Kwenye Sinia

Somo yangu Rukia,

Barua za watu wazima huanza kwa kuulizana hali. Yako naiacha kwa aliyekuchukua. Mimi mzima, goti la kushoto tu ndilo linanisumbua, na lifti ya jengo letu hapa Dengfeng bado inasimama ghorofa ya tano inapojisikia. Duka lako analo Mkongo mmoja, anauza nywele za bandia. Amepaka kuta zote rangi ya waridi. Ungeichukia.

Nakuandikia kwa sababu nimekwenda Uingereza. Nimekwenda kwenye mji wako, ule wa kwenye sinia. Na kuna jambo nimelikalia miaka tisa ambalo lazima nikwambie. Nitalisema kwa utaratibu, maana nikianza na machozi sitafika mwisho.

Mwanzo wake unaujua. Ulikuwa na kalenda ukutani, ya bure, uliyopewa na duka la vifaa vya ofisi: picha za mashamba ya Uingereza, maandishi yote ya Kichina. Ukapenda kurasa mbili. Ya mwezi wa nne ilikuwa na soko la zamani la mawe, limesimama juu ya nguzo, chini watu wanauza, juu chumba chenye saa. Ya mwezi wa tisa ilikuwa na kanisa kubwa la kale lisilo na paa, kuta tupu na madirisha matupu, majani yameota pahali pa sakafu. Ukazichana ukanipa. Wiki ile homa ilikulaza, ukasema, "Somo, nenda wewe kiwandani. Mwambie laobani anitolee masinia yenye picha hizi, namna mbili."

Laobani, yule mama mwenye kiwanda uliyemfundisha Kiswahili cha kuuzia, alitazama kurasa akatikisa kichwa. Namna mbili ni oda mbili, na oda yako ilikuwa ndogo hata kwa namna moja. Mimi nilikuwa na kontena langu bandarini Huangpu linafungwa jioni ile, wakala ananipigia simu kila nikivuta pumzi. Nikamwambia aziunganishe. "Rafiki," akasema, "soko mbele, kanisa nyuma, juu kilima?" Nikasema ndiyo, juu ya kilima. Akamwita mchoraji wake, wakatia kilima, wakatia na njia nyeupe ya kupandia. Kazi yote haikumaliza kikombe cha chai.

Sampuli ilipofika uliishika kwa mikono miwili. Ukaigeuza chini kwanza, kama kawaida yako, ukakagua mgongo na ukingo, ndipo ukaitazama picha. "Kumbe ni mji mmoja," ukasema. "Laobani kajuaje?"

Ningeweza kukwambia pale pale. Ungecheka, ungenitukana kidogo, yangeisha. Badala yake nikasema, "Ndiyo kazi yake, kujua." Nilikuwa nimechoka, wewe ulikuwa umefurahi, na sikujua kwamba utaendelea kufurahi miaka tisa.

Maana masinia yale yalikwenda, somo. Hakuna arusi ya Unguja iliyokosa biriani juu ya lile soko. Wateja wa Darajani wakawa wanakuuliza ni wapi pale, nawe unawajibu mbele yangu, nimekaa hapo hapo kwenye kiti cha plastiki: "Shamba, Uingereza. Nikifunga duka nakwenda. Nitanunua jibini sokoni, nitaipanda ile njia, nivue viatu nikae ndani ya kanisa bovu mpaka miguu ipoe." Kila mwaka kulikuwa na sababu ya kutokwenda. Binti yako Salma alipopata kazi ya uuguzi kule ukasema sasa una mwenyeji, sababu zimekwisha.

Halafu presha. Ukaanguka mtaa wa Zhanqian mchana, kwenye ngazi za jengo la nguo, mkononi una sampuli ya dera. Karatasi zilichukua siku tatu, tukakuzika huku huku. Salma hakuwahi. Aliyaona maziko yako kwenye simu yangu, na mimi niliishika ile simu juu mpaka mkono ukafa ganzi.

Baada ya arobaini yako akanipigia. Alisema Waingereza wana desturi yao: mtu akifa, jamaa zake huweka benchi pale alipopenda kukaa, na kibati kidogo chenye jina lake. "Mamdogo," akaniambia, "kaburi la mama liko mbali na mimi. Nataka pahali pa kwenda kukaa naye." Pahali penyewe alikwisha pachagua. Alikuwa akiutafuta mji wa kwenye sinia tangu afike, analipiga picha sinia na kuutafuta mji kwenye simu, na simu inamwambia hakuna.

Zile kurasa mbili ninazo mimi, kwenye faili la karatasi za mizigo. Nilizielekezea simu isome Kichina chake. Zikatoka sehemu mbili, majina mawili, na kwenye ramani moja iko huku na nyingine iko kule. Nikamtumia Salma jina la soko peke yake. Huo ni uongo wa pili, na kwa huu siwezi kulisingizia kontena. Niliogopa. Yeye akaliandikia baraza la mji ule barua nzuri, kwamba marehemu mama yake angependa benchi linalotazama magofu. Kisha akanitumia mwaliko wa viza, twende wote tukachague upande.

Jumamosi ni siku ya soko. Wauzaji wanapanga meza kati ya nguzo na nguzo, na nguzo zimelika usawa wa kiuno, pale watu walipoegemea na kufungia kamba tangu enzi hizo. Niliona jibini, asali, miche ya maua, sahani za mitumba. Hakuna anayeita mteja. Wamekaa kimya nyuma ya meza, nawe unapita kimya mbele yao mpaka uone haya ununue. Bei hawapunguzi, ila yule wa sahani alishuka nilipoanza kuondoka, nikaona basi, soko ni soko. Saa ya juu ipo kweli. Inachelewa dakika nne.

Salma akatoa sinia kwenye mfuko, lile lako la kwanza lenye kovu la kisu. Akalishika mbele yake akawa anarudi kinyumenyume barabarani, anatafuta aliposimama mpiga picha. Soko likakaa sawa. Nguzo sawa, saa sawa. Nyuma yake hapakuwa na kilima. Palikuwa na duka la miwani.

Akamwuliza muuza jibini, mzee wa aproni ya mistari, magofu yako upande gani. Yule mzee alilitazama sinia kwa heshima, muda mrefu, akasema kanisa lile analijua, liko maili kumi na mbili kutoka pale, lakini kilima hicho hakijui kabisa. Salma akanigeukia.

Nikamwambia pale pale, nimeshika mche wa maua nisiokuwa na haja nao. Nilimwambia kontena, laobani, chai, na neno nililokujibu. Nikamwambia na jina la pili ambalo sikumtumia.

Alikasirika. Ana hasira zako, za kunyamaza na kupanga vitu. Alilifunga sinia kwa mtandio, akafungua, akalifunga tena. Tulipokaa kwenye kituo cha basi ndipo akasema, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali: "Kwa hiyo mama alikuwa anautamani mji wako, Mamdogo. Si wa Waingereza."

Hakusema kwa ubaya. Lakini nililia, somo, mchana kweupe, mbele ya Waingereza wawili walioanza ghafla kusoma ratiba ya mabasi. Nililia kwa sababu nilikuona unaipanda ile njia nyeupe niliyoitia mimi, mwaka hadi mwaka, na mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki nakusikiliza, nakuagizia chai. Nilikupenda na nikakudanganya, vyote kwenye kiti kile kile.

Kesho yake Salma akaniamsha, akasema tukalione kanisa, tusirudi na nusu ya safari. Basi linapita vijiji vya mawe na kondoo wengi ambao hawana mchungaji. Magofu yapo uwandani, karibu na mto, ardhi bapa kabisa. Mlangoni yupo bibi anayekata tiketi na kukupa karatasi ya maelezo, na kila pahali kuna kibao: hapa watawa walikula, hapa walilala, hapa palikuwa na jiko. Jiko lenyewe ni mstari wa mawe yanayofika gotini. Unasimama jikoni juu ya majani yaliyokatwa vizuri, njiwa wanaingia kwa dirisha hili wanatoka kwa lile. Ni kubwa, somo. Kalenda ilikuwa imelipunguza.

Kando ya mlango wana kaduka. Wanauza sabuni, asali, na masinia ya picha ya magofu yale yale. Nikachukua moja, nikaligeuza chini kwanza. Limetengenezwa China. Nikamwonyesha Salma ule mgongo. Hapo akacheka kwa mara ya kwanza, akacheka mpaka yule bibi wa tiketi akacheka naye bila kujua cha kuchekea.

Kuhusu benchi, hakuna. Magofuni hawaruhusu kuongeza hata jiwe. Na baraza la mji wa soko lilimjibu kwamba mabenchi yametosha, majina yanaandikwa kwenye orodha ya kungoja. Waingereza hupanga foleni hata wakishakufa. Salma alipomaliza kunieleza hayo alikwenda katikati ya kanisa, akavua viatu, akakaa chini kwenye majani. Nikakaa naye pale na goti langu. Tulikaa mpaka miguu ikapoa, kisha tukavaa tukaenda kutafuta basi.

Sasa mambo ya huku. Wateja wa Darajani wameagiza tena masinia ya mji, na laobani anasema mchoro wa zamani umefifia, lazima uchorwe upya. Nikaona nimepata nafasi ya kutengeneza nilichoharibu. Nikamwuliza Salma kama nitenganishe, soko peke yake na kanisa peke yake, kama ulivyoagiza mwenyewe siku ile ya homa. Jibu lilikuja asubuhi, kwa sauti, nyuma nasikia wodi na vikombe: "Usivitenganishe, Mamdogo. Pale ndipo mama alipokuwa anakwenda. Ila weka pa kukaa."

Nikarudi kiwandani. Mara hii sikuwa na kontena lolote, nilikaa na mchoraji tangu asubuhi. Amechora benchi kwenye ile njia nyeupe, katikati, pale ambapo mtu anayetoka sokoni angeanza kuhema. Laobani akauliza, "Rafiki, nani kaa?" Nikamwambia aache wazi. Akanitazama kidogo, akaniongezea chai.

Wateja wakiniuliza ni wapi pale, nimeahidi nitawaambia: hakuna mji huo. Niliuunganisha mimi, na somo yangu akaupenda. Salma naye nimemwahidi kwamba kila akipata likizo ya kuja huku, nitampeleka mwenyewe makaburini, na simu nitaiacha nyumbani.

Sampuli imetoka leo. Mgongo hauna doa, ukingo umekaa sawa, nimekagua kama ulivyonifundisha. Laobani anataka jibu haraka aanze kuchapisha. Nimemwambia asubiri mpaka Ijumaa, nikitoka msikitini nakuletea huko ulipo, kwa sababu mwenye sinia bado hajaliona.

Mola akupe nafasi huko. Pumzika, somo.

Rukia mwenzio
Dengfeng, Guangzhou